Kuhariri jeni za mbegu za mafuta: jibu kutoka kwenye karai la chipsi, Sinza

Mkuu uliyeuliza kama kuhariri jeni za mbegu za mafuta, yaani kurekebisha maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya mbegu, kuna faida kwa mtu wa kawaida au ni habari za maabara tu, ngoja nikujibu kama mkaanga chipsi. Nipo Sinza, Dar es Salaam, mwaka wa 9 sasa.

Nilianza na mawese. Wateja walipoanza kuulizia alizeti nikahamia huko, nachukua madumu ya lita 20 yanayoshuka kutoka Singida. Siku ya kwanza raha tupu. Siku ya pili povu linapanda mpaka mdomo wa karai, mafuta yanakuwa meusi na mazito, na viazi vinashika harufu. Nikajua nimeuziwa yaliyochanganywa. Nikabadilisha wauzaji watatu, mambo yakawa yaleyale. Mpwa wangu anayesoma kemia ndiye aliyenifumbua macho: hakuna aliyeniibia, shida ilitoka ndani ya mbegu.

Alizeti yetu ya kawaida imejaa asidi ya linoleiki. Asidi hii ina sehemu mbili dhaifu kwenye mnyororo wake, na hewa pamoja na moto hushambulia hapo hapo. Asidi ya oleiki, ile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni, ina sehemu moja tu, kwa hiyo huchacha taratibu zaidi mara kumi hivi. Sasa sikiliza: mmea hutengeneza oleiki kwanza, kisha kimeng'enya (protini inayobadilisha kemikali ndani ya mmea) kiitwacho FAD2 huigeuza kuwa linoleiki. Ukikizima hicho kwenye mbegu, oleiki inabaki.

Wamarekani wamefanya hivyo kwenye soya. Kampuni ya Calyxt ilitumia mkasi wa jeni uitwao TALEN kuzima nakala mbili za jeni ya FAD2 zinazofanya kazi kwenye mbegu, na mafuta yake yakaanza kuuzwa mwaka 2019. Oleiki yake ni kama asilimia 80, wakati soya ya kawaida ina kama 20. Kuchagua nakala za mbegu ni jambo la maana sana, maana majani na mizizi bado vinahitaji linoleiki, hasa wakati wa baridi. Ukizima kila mahali unaudhoofisha mmea wenyewe.

Wapo watakaosema hiyo ni GMO ileile, yaani mmea uliopandikizwa jeni ya kiumbe kingine. Mimi naona tofauti. Kwenye soya ile hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyobaki, kilichopo ni jeni yake yenyewe iliyonyamazishwa. Tena alizeti yenye oleiki nyingi ilishapatikana Urusi ya Kisovieti mwaka 1976, aina ya Pervenets, kwa kuzitia mbegu kemikali na kuchagua zilizobadilika. Ile ilikuwa kubahatisha, mkasi wa jeni unalenga. Na faida kwa mlaji ipo: mawese yanavumilia moto kwa sababu karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, yale ambayo daktari anamkataza mgonjwa wa moyo. Oleiki inavumilia moto bila mzigo huo.

Ninachokiogopa mimi, alizeti ya namna hiyo ikija kwetu, ni safari ya mbegu kutoka shambani mpaka kwangu. Alizeti huchavushwa na nyuki, na nyuki hajui mpaka wa shamba. Mkulima akihifadhi mbegu huku jirani amepanda ya zamani, baada ya misimu michache sifa ile imechanganyika. Halafu kuna mashine ya kukamulia: magunia ya watu kumi yanamwagwa pamoja, mafuta yanatoka dumu moja, mashudu rundo moja. Aliyepanda mbegu bora analipwa sawa na wengine, na mimi Sinza nanunua mchanganyiko uleule.

Kwa hiyo mbegu hiyo ikija, mimi nitamuuliza muuzaji imekamuliwa wapi na pamoja na za nani. Nitaichukua dumu moja, nikaange siku tatu mfululizo, niangalie povu.