Kabla hujaanza kufyeka kando ya barabara ya Witu

Vijana huku Lamu wakisikia kazi ya kufyeka kando ya barabara imetoka, wananijia kuniuliza panga gani zuri. Panga lolote ni zuri, bora uwe na tupa ya kunolea. Mimi nawauliza swali jingine: umewahi kukaa siti ya mbele kwenye basi la kwenda Mokowe? Kama hujawahi, panda siku moja kabla hujashika kazi, utazame kwa macho ya dereva.

Maana hapo ndipo wageni wa kazi hii wanapokosea. Wanafyeka pale palipo rahisi, kwenye nyoofu, wanaacha kichaka kilichoziba kona. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Nyati akichomoka porini, au mtoto akikimbiza mbuzi, sekunde mbili tu ni mita 44. Anza na upande wa ndani wa kona, kisha vibao, kisha pale njia ya shambani inapotokea barabarani. Ukidhani umemaliza kona, chutama katikati ya njia yako, macho yawe kama mita moja kutoka chini, kimo cha dereva wa gari dogo. Tawi ulilokuwa ukiliona la juu sana ukisimama, sasa litakuwa limekuziba kabisa.

Huku kwetu kuna sababu nyingine ya kufyeka, nanyi mnaijua. Januari 2020 basi lilishambuliwa na magaidi pale Nyongoro, kwenye barabara hii hii, na kichaka kilicho karibu na lami ni maficho. Kwa hiyo ukiwa kazini ukiona waya, jerikani lililotupwa pasipo maana, au udongo uliofukuliwa juzijuzi, huenda ni bomu lililotegwa, usiguse wala usimwite mwenzako aje kutazama. Rudi kwa nyayo zako ulizojia, kisha waite askari. Nyapara akikuita mwoga, mwache akuite.

Sasa ukataji. Inama. Anayekata amesimama hukata mshazari, akaacha kisiki kilichochongoka kama mkuki, na nyasi zikirudi hakionekani. Kimoja cha unene wa kidole gumba kiliwahi kupenya soli ya kiatu changu hadi nyama, nami ndiye niliyekikata wiki mbili kabla. Kata chini, bapa. Mathenge nayo, ule mti wa miba, hasa ukipelekwa upande wa Garsen, ukiikata juu umeipogoa tu, inarudi na matawi mengi kuliko mwanzo. Chimba kidogo, ukate chini ya udongo, na miba usiiache barabarani ikatoboe magurudumu ya bodaboda.

Lakini nyasi za kwenye tuta fyeka tu, usizing'oe! Mwaka wangu wa kwanza tuliparua tuta zima likabaki jekundu, tukasifiwa kwa usafi. Masika yalipoingia udongo wote ukashuka kwenye kalvati, maji yakakosa njia yakapanda barabarani. Tuliitwa tena kuzoa tope.

Upupu utakutana nao tu. Ni mtambaazi, maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu, na yakikauka upepo unayabeba. Kaa goshini, kama wasemavyo manahodha, upepo ukupige mgongoni. Ukikupata usikune, unaueneza. Sisi hupaka majivu tukapangusa taratibu. Mnyaa wa kwenye nyua za watu una utomvu mweupe unaoweza kukupofusha, basi usifute jasho kwa mkono ulioushika. Mwembe wenye majani yaliyoshonwa pamoja kama mfuko una majimoto. Hao hawahitaji maelezo, utawajua.

Mti wenye mzinga una mwenyewe hata kama yuko mbali, pengine ni mtu wa jamii ya Waboni anayeutegemea kwa asali. Mwembe au mkwaju wenye kivuli cha stendi, uliza kwanza kwa mzee wa mtaa. Mara nyingi kupogoa matawi ya upande wa lami kunatosha, na mama muuza mahamri anabaki na kivuli chake. Matawi makavu wape kina mama wa kuni. Usichome, hasa kaskazi ikivuma, maana moto ukishaingia kwenye mikorosho ya mtu utaulizwa wewe, si mkandarasi mwenyewe.

Malipo nayo. Wengine hulipa kwa siku, wengine kwa kipande. Nimewahi kupewa kipande cha mikoma mitupu, mwenzangu akapewa nyasi, tukalipwa sawasawa. Sasa natembea kipande chote kwanza, mwanzo hadi mwisho, ndipo nakubali bei, na namtaka nyapara aiandike daftarini nikiwa nimesimama pale pale. Nikiona upupu, tunaanza kuelewana upya.