Ukungu machoni baada ya tiba ya leza

SWALI: Daktari, nina kisukari, na wiki mbili zilizopita nilitibiwa kwa leza kwenye retina (utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ya jicho la kulia. Tangu hapo naona ukungu, na usiku natembea kwa kupapasa. Je, jicho limeharibiwa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Ukungu huo kwa kawaida hupungua ndani ya siku au wiki chache, lakini udhaifu wa kuona usiku na pembeni unaweza kubaki, kwa sababu leza huunguza kwa makusudi vitone vingi pembezoni mwa retina, ili sehemu iliyobaki itosheke na oksijeni na mishipa mipya dhaifu ya damu inayoota kwa sababu ya kisukari, ambayo ndiyo huvuja damu, inywee. Ni gharama inayouma, nakiri, ila bila tiba hiyo hatari ya upofu ingekuwa kubwa zaidi. Leza hulinda uoni uliopo. Mara chache hurudisha uliopotea, jambo ambalo kila mgonjwa anastahili kuelezwa mapema.

Kwa sasa usiendeshe gari usiku. Ukiona ghafla vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, mimweko ya mwanga, au giza linaloshuka kama pazia, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.