Bi Kengele Anajibu: Mwendo wa Salamu

*Shikamoo Bi Kengele. Nimehamishiwa kikazi hapa Tanga tangu mwezi wa pili, nikitokea Dar es Salaam. Nimepanga Chumbageni na ofisi iko mjini, si mbali. Nilikuwa nachukua bajaji asubuhi na jioni, mpaka nikamwona mkuu wangu wa idara, mtu mzima mwenye mvi, anaingia kazini na baiskeli, shati amechomekea, mkoba kwenye keria. Nami nikanunua baiskeli ya Phoenix iliyokwisha kutumika. Wiki ya tatu sasa imelala uani. Kila nikitaka kuitoa naona mtaa mzima unanitazama. Kwetu mtu mzima akionekana na baiskeli watu husema amefulia. Hiyo raha ya baiskeli mnayoisifu watu wa Tanga iko wapi?*
*– Mgeni, Chumbageni*

Marahaba mwanangu, na karibu Tanga. Nikuambie ukweli kwanza: ni kweli wanakutazama. Lakini hawaitazami baiskeli. Wanamtazama mtu aliyehamia mwezi wa pili na mpaka leo hajawaamkia, maana kwenye bajaji unapita na turubai limeshushwa.

Mimi nakaa Ngamiani, huku kwenye barabara zenye namba. Nilifundisha darasa la pili miaka 31 na siku nyingi nilikwenda kazini kwa baiskeli. Ya kwanza ilikuwa Swala, zile zilizokuwa zikiundwa hapa hapa nchini, nzito kama kitanda cha chuma. Niliyo nayo sasa ni Phoenix kama yako, ila ya kike. Mji wetu ni tambarare kama sinia, ndiyo maana utawaona wenye baiskeli wa kila namna: fundi mwashi, karani, muuza samaki, na huyo mkuu wako wa idara.

Raha yake sasa. Nimekaa nikapiga hesabu. Ukienda kwa miguu, ukimwamkia mtu lazima usimame: za nyumbani, mgonjwa anaendeleaje, yule kijana ameshapata kazi? Nyumba kumi za namna hiyo umechelewa kengele ya shule. Ukipita na gari hakuna salamu, kuna honi tu na vumbi. Ila kwenye baiskeli, ukienda pole pole kama kilomita 12 kwa saa, sekunde nne zinakupitisha mita 13 hivi, yaani kutoka baraza moja hadi ya pili. Sekunde nne ndizo hizo za "shikamoo mzee", "marahaba, hujambo", "sijambo". Salamu nzima imeingia, imejibiwa, na hakuna aliyedharauliwa wala aliyecheleweshwa. Baiskeli ina mwendo wa salamu, mwanangu. Sijui chombo kingine chenye mwendo huo.

Na kuna mambo utakayosikia. Mwenye baiskeli hana mngurumo, kwa hiyo watu hawanyamazi anapokuja. Mwaka jana kuna nyumba moja walikuwa na mgogoro wa kochi. Jumatatu napita nasikia sauti ya mama, "...na kochi langu halitoki humu ndani!" Nikapita, sikujua zaidi. Jumatano, sauti ya kiume: "...kochi lenyewe nani alilinunua?" Nikakanyaga taratibu kidogo, Mungu anisamehe. Ijumaa asubuhi nikalikuta kochi lenyewe juu ya mkokoteni, la rangi ya maziwa, na mama amekaa juu yake, anasafiri nalo. Akaniambia, "Shikamoo mwalimu." Nikamjibu marahaba. Hadithi nzima niliipata kwa sentensi tatu, bila kumuuliza mtu.

Pua nayo ina fungu lake. Saa kumi na mbili asubuhi kuna kona ya mahamri, iliki inakufuata nyumba tatu nzima. Ukikaribia baharini hewa inabadilika ghafla, inakuwa na chumvi na ubaridi, unajua umefika kabla hujaona maji. Jumapili mimi huenda Raskazone kwa ajili ya hilo tu. Miezi ya kaskazi, tangu Desemba mpaka Machi, upepo unakuja usoni wakati wa kwenda, unakanyaga mpaka mapaja yanalalamika. Lakini wakati wa kurudi uko mgongoni! Naacha kukanyaga, gurudumu la nyuma linaimba kile kisauti chake, trrrrr, na mimi bibi wa wajukuu saba nasukumwa na Mungu bure mpaka karibu na nyumbani.

Basi fanya hivi. Kesho toka saa kumi na mbili na nusu, kabla ya jua kali, shati lako halitalowa ukiacha kushindana na bodaboda. (Hao nao jina lao lilianzia kwenye baiskeli: kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, walikuwa wakivusha watu kwenye keria.) Amkia baraza tatu za kwanza. Usipige kengele nyuma ya mgongo wa mtu kama unamfukuza, piga mapema, mara moja, kama anayebisha hodi. Ukifanya hivyo wiki moja, siku utakayokosa kupita wataulizana una nini.

Bajaji siitukani. Masika ikimwaga hata mimi naiita.

*Bi Kengele, mke wangu anataka baiskeli ya kwendea kwenye genge lake la mboga. Mimi sina neno, ila mama yangu anasema mwanamke wa baibui juu ya baiskeli si heshima. Nisimame upande gani?*
*– Baba wa Watoto Wawili, Makorora*

Simama upande wa genge, baba. Mama mpe heshima yake, mpelekee mchicha wa kwanza utakaofika kwa baiskeli.

Heshima inalindwa na fundi. Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Mwaka 1991, saa ya alasiri, watu wanatoka kuswali, baibui langu likaingia kwenye cheni mbele ya msikiti. Nikasimama pale kama mbuzi aliyefungwa kambani, siwezi kwenda mbele, siwezi kushuka. Wanaume wazima wakaanza kulivuta wakanichania pindo. Kitoto cha miaka minane ndicho kilichoniokoa: kikashika pedeli, kikazungusha kinyumenyume pole pole, cheni ikalitema baibui lenyewe. Doa la grisi halikutoka mpaka nilipoligawa.

Kwa hiyo mnunulie ya kike, ile ambayo bomba lake limeinama ili mtu asirushe mguu. Hakikisha cheni ina kava zima, siyo lile nusu. Gurudumu la nyuma fundi alifunge wavu wa uzi pande zote mbili, kutoka kwenye madigadi mpaka katikati, spoki zisile nguo. Na pindo libanwe pini. Kikapu cha mbele abebe vitu vyepesi tu, nyanya na bilinganya, maana uzito wa mbele unavuta usukani. Mizigo mizito iende kwenye keria, ikiwa imefungwa kwa mpira.

*Baiskeli yangu imekuwa nzito siku hizi, nikibeba machungwa kwenda stendi nafika nimechoka kama niliyelima. Fundi anasema ninunue mpya. Kijana wa gereji amenipa oili chafu nipake kwenye cheni, nimepaka, ndiyo kwanza imezidi.*
*– Mkulima, Muheza*

Usinunue kitu. Upepo kwanza. Mpira ukiwa umelegea, kila ukikanyaga nguvu yako inaishia kuuminya mpira badala ya kusogeza machungwa. Huo upepo tunaoudharau ndio uliofanya baiskeli ikalike. Mskoti John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alitengeneza mpira wa kujaza upepo mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kabla ya hapo waliendesha mipira migumu isiyo na upepo ndani, na mifupa yao iliyajua mashimo yote.

Bonyeza mpira wa nyuma kwa kidole gumba ukiwa umeshapakia machungwa. Ukizama, ongeza. Ukijaa leo na kesho umelegea tena, toa tyubu, izamishe kwenye beseni la maji kipande kwa kipande, taratibu, na uwe na subira. Tundu dogo halitoi mapovu mengi. Linatoa uzi mmoja mwembamba wa vipovu, kama samaki anayepumua, na ukiharakisha hulioni. Weka alama kwa kalamu, kausha, kwaruza kwa msasa, ndipo uweke gundi na kiraka. Na usisahau kupitisha vidole ndani ya tairi lenyewe, mwiba bado uko humo unakusubiri.

Cheni ioshe kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, ifute mpaka kitambaa kisichafuke, halafu tone moja moja la mafuta ya cherehani. Oili chafu inashika mchanga, na mchanga unasaga meno ya gia. Mrudishie kijana wa gereji na kopo lake.