Mama na bintiye, ngazi zilezile: mbona presha zinapishana?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafundisha mazoezi ya jioni hapa Mwanza. Juzi nilimpima presha mama wa miaka 56, kisha binti yake wa miaka 24, baada ya kupanda ngazi dakika tano. Mama alikuwa na 186 kwa 84, mapigo 149. Binti 148 kwa 76, mapigo 168. Moyo wa mama unapiga taratibu zaidi, sasa presha inapandaje hivyo? Na je, uanamke unahusika?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na mpangilio wako. Presha huanza kushuka ndani ya dakika ya kwanza baada ya mtu kuacha zoezi. Binti alisubiri mama afungwe mkanda na kufunguliwa, kwa hiyo sehemu ya hilo pengo imeletwa na foleni. Siku nyingine anza na binti.

Hata hivyo pengo halitaisha lote. Hayo mapigo 149 si taratibu kwa mama. Ukitoa umri kwenye 220, kikomo chake cha mapigo ni kama 164, na cha binti 196. Ni makadirio tu, lakini yanaonyesha kuwa mama ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukomo wake.

Sasa ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni. Mtu akiwa ametulia, moyo husukuma takriban lita 5 kwa dakika, na misuli hupata kama moja ya tano. Kijana mwenye mazoezi akikimbia kwa nguvu hufika lita 20 na zaidi, sehemu kubwa ikienda kwenye misuli. Ili damu yote hiyo ipite, ateri kubwa itanuke na vijishipa vya mapajani vifunguke. Ateri ya ujana ni kama mpira mpya wa manati: moyo ukisukuma inavutika, kisha inajirudi. Uzeeni nyuzi zake za kuvutika huchakaa na zile ngumu huongezeka, kama mpira ulioachwa juani. Msukumo uleule unagonga ukuta usiokubali, na namba ya juu inaruka. Ndiyo maana namba za juu zimepishana kwa 38, za chini kwa 8 tu.

Uanamke unahusika, tena sana. Utando wa ndani wa ateri hutoa gesi ya nitriki oksidi, ambayo huulegeza mshipa damu inapopita kwa kasi. Estrojeni, homoni ya kike, husaidia kazi hiyo. Kwa wanaume uwezo huu hupungua polepole kuanzia miaka ya arobaini; wanawake huuhifadhi hadi karibu na kukoma hedhi, halafu hushuka kwa kasi. Kwa hiyo usimuulize umri peke yake, muulize pia hedhi ilikoma lini. (Kama unaona haya, mtume mwenzako wa kike.)

Mazoezi ya kutembea haraka au kukimbia huurudisha uwezo huo vizuri kwa wanaume wazee. Kwa wanawake waliokoma hedhi matokeo yamekuwa ya kupishana, ingawa moyo na misuli yao hufaidika.

Wakati wa mazoezi, namba ya juu ikifika 190 kwa mwanamke au 210 kwa mwanaume, wengi wetu huiona imezidi. Mama yuko karibu kabisa na mpaka huo. Mpime asubuhi, ameketi dakika tano, mkono usawa wa moyo, siku kadhaa. Ikiwa mara kwa mara inafika 140 kwa 90, aende kituo cha afya. Akilalamika kifua kubana au kizunguzungu ngazini, msimamishe papo hapo na umpeleke siku hiyohiyo.