Kabla hujalipa ada ya shule ya Kifaransa na Kiingereza, soma haya yaliyonikuta

Nilijua mambo yameharibika siku binti yangu aliponinyang'anya penseli. Tulikuwa mezani saa moja jioni, homuweki ya kugawanya tu, 432 kwa 12, nikamwandikia vile tulivyofundishwa wote, 12 inakaa kushoto, unachora kipaa, jibu linapanda juu. Akasema mama hivyo huko hawafanyi, jana nimefanya hivyo mwalimu kaniwekea nyekundu. Kwao 432 ndo inakaa kushoto, unashusha mstari, 12 inahamia kulia halafu jibu, 36, linakaa chini ya 12. Jibu lilelile jamani! Ila mtoto aliyekuwa anaongoza darasa kwenye inglishi midiamu yake, sasa hata alichokuwa anakijua kimegeuka kosa. Na hapo hatujafika kwenye koma. Sisi 1,500 ni elfu moja na mia tano, kwenye daftari lake 1,500 ni moja na nusu.

Nianze mwanzo. Mume wangu anafanya kliaringi, mizigo ya Kongo, inatoka bandarini Dar inapanda Tunduma, inavuka Zambia mpaka Kasumbalesa. Wateja wake wengi wa Lubumbashi wanaongea Kiswahili, Kiswahili chao chenye mambo yake, tunaelewana tu, lakini karatasi zote ni Kifaransa, na kila karatasi ikija ni kutafuta mtu wa kuisoma. Akawa anasema wanangu hawatateseka hivi. Burundi na Rwanda walishaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, Kongo nayo ikaja kuingia 2022, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa nzuri, mimi mwenyewe niliikubali. Tatizo tulinunua shule kwa kusoma bango la getini.

Binti alikuwa na miaka 11. Afisa udahili, mkarimu kwelikweli, chai na biskuti, akatuambia nusu mwaka tu mtoto atakuwa anaongea Kifaransa kama maji. Hatukuuliza kitu. Akaingia darasa linaloitwa sixième, yaani la sita, na yeye alikuwa anatoka la sita, tukaona mambo yamekaa vizuri. Mwaka uliofuata akaenda cinquième, la tano. Wafaransa sekondari wanahesabu kurudi nyuma, kama roketi. Mama mkwe wangu yuko Tanga akapiga simu usiku, "Mwanangu mbona mjukuu wangu karudishwa darasa na hamniambii?" Tulicheka sana siku ile. Kumbe bibi alikuwa anatabiri.

Maana ya "lugha mbili" pale shuleni ilikuwa hivi, sayansi iliandikwa kwenye ratiba kuwa ni Kifaransa, mwalimu wake akaondoka katikati ya mwaka, aliyekuja kushika nafasi akawa anafundisha kwa Kiingereza na maswali ya mtihani yanabaki Kifaransa. Mapumziko watoto wote wanaongea Kiingereza na Kiswahili. Mwanangu alijua kusema bonjour na kuomba kwenda chooni. Kweli baada ya mwaka alikuwa anachekesha wenzake kwa Kifaransa, mimi nikaringa kabisa, nikarekodi video nikatuma kwenye grupu la familia. Halafu ripoti ikaja. Historia 6 kwa 20. Alichoandika ni sentensi tatu, na ni mtoto ambaye kwa Kiingereza anakujazia kurasa mbili bila kupumua.

Hapa ndo nataka ukae uelewe kwa sababu hakuna aliyenieleza. Lugha ya kuchezea na lugha ya kusomea ni vitu viwili. Kuna mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, kaliandika jambo hili miaka mingi, kwamba mtoto anaweza kuongea na wenzake vizuri ndani ya miaka miwili hivi, ila lugha ya kuandikia insha na kuelewa kitabu cha jiografia inachukua miaka 5 mpaka 7. Sasa piga hesabu. Wa miaka 4 ana muda, mpaka insha zianze ameshaiva. Wa miaka 11 wewe unamuingiza leo na insha zimeanza jana. Sisemi haiwezekani, wangu sasa hivi anaandika. Nasema kama mtoto ameshafika umri huo, mtafutie kwanza mwaka mzima wa Kifaransa pembeni kabla hajakanyaga shule, na uliza shule ina kipindi cha FLE, yaani Kifaransa kwa wageni, nani anakifundisha, mara ngapi kwa wiki, na mtoto anatolewa kwenye somo gani ili akihudhurie. Wangu walikuwa wanamtoa kwenye Kiingereza! Kile pekee alichokuwa anapatia.

Tulipoamua kuhama ndo tukakutana na kitu kinaitwa ithibati. Shule za mfumo wa Ufaransa zilizo nje ya Ufaransa zinapewa ithibati na wizara yao ya elimu, orodha inatoka kila mwaka, na ithibati yenyewe ni kwa ngazi za madarasa. Rudia kusoma hapo. Shule inaweza kuwa nayo mpaka mwisho wa praimari na huko juu haina, na bango la getini haliandiki hilo. Mtoto akitoka darasa lenye ithibati anahamia shule nyingine yenye ithibati, iwe Nairobi iwe Kinshasa iwe Paris, bila mtihani wa kuingia. Wetu alikuwa kwenye ngazi isiyo nayo, kwa hiyo shule mpya wakampa mtihani, na majibu yakawa arudie cinquième. La tano mara mbili. Bibi hatukumwambia mpaka Krismasi.

Kwa hiyo mdogo wake, aliyeanza na miaka 4 kwenye hiyo shule ya pili, nilienda mwenyewe na maswali. Somo gani kwa lugha gani, na mwalimu wa somo hilo akiugua nani anaingia? Ithibati inaishia darasa gani? Hakuna swali lililonisaidia kama kuomba nikae pale uwanjani wakati wa mapumziko, dakika 20 tu kwenye benchi. Ukisikia Kifaransa kwenye kugombania mpira ujue lugha ipo pale. Usiposikia, ujue ipo kwenye bango. Wengine watakukatalia, na hilo nalo ni jibu.

Sasa nyumbani. Mimi Kifaransa sijui, naomba usidanganyike kwa haya maneno mawili matatu. Kuna mzazi mwenzangu alinishauri tuache Kiswahili nyumbani tuongee Kiingereza ili angalau lugha moja ya shule iimarike. Tukajaribu miezi mitatu, matokeo yake mtoto akawa anamjibu bibi yake "hi" badala ya shikamoo na hesabu hazikupanda hata maksi moja. Tukarudi kwetu. Na nilichokuja kugundua ni kwamba Kiswahili ndo kilikuwa kinanisaidia kumfundisha kitu nisichokijua.

Ngoja nikuonyeshe. Binti alikuwa anaandika Kifaransa kwa kukitoa Kiingereza, anasema "mimi ni" njaa, mwalimu anakata. Nikamuuliza Kiswahili tunasemaje? Nina njaa. Na Wafaransa wanasema nina njaa, j'ai faim. Nina kiu, hivyohivyo. Nina miaka saba, mdogo wake alilipata siku ya kwanza, j'ai sept ans. Halafu "ninakuona", hebu ikate vipande, ni-na-ku-ona, huyo "ku" amekaa mbele ya kitenzi, na wao je te vois, "te" amekaa palepale. Kiingereza kinamtupa mwisho. Gari jekundu, nyumba nyeupe, rangi inakuja nyuma ya kitu na inajibadilisha kufuata kitu, na wao vivyo hivyo mara nyingi, japo kuna vivumishi vichache vinatangulia. Watoto wa inglishi midiamu wanalia kwa nini meza ni ya kike. Mtoto anayejua kwamba kiti ni kizuri na mti ni mzuri na jiwe ni zuri, utamwambia nini kuhusu jinsia mbili? Sisi ngeli zetu ni ngapi! Nilimwambia hivyo binti yangu siku moja tunamenya viazi, akanyamaza, halafu akacheka, na nadhani ndo siku aliacha kukiogopa.

Kwa mzazi asiyejua lugha kazi yako nyingine ni sikio. Ijumaa wana imla, mwalimu anasoma wao wanaandika, na kuna mashairi ya kukariri. Alhamisi jioni mwambie akusomee kwa sauti huku unapika. Huelewi, sawa, lakini unasikia pale anaposita, unamwambia rudia. Na mwandiko, kule wanaandika herufi za kuunga tangu darasa la kwanza, kwenye madaftari yao yenye mistari myembamba mingimingi, mtoto akitoka huku na herufi zake za kuachanishwa anaonekana mchafu. Nunua hayo madaftari ukiyaona, yakiisha dukani yameisha.

Maksi nazo usije ukamchapa mtoto bure. Wanatoa kwa 20 na wana mkono mgumu. Mume wangu aliona 13 akafoka, kumbe kwenye bac, mtihani wao wa kumaliza sekondari, kupita ni 10, ukipata 12 unaandikiwa umefanya vizuri kiasi, 14 vizuri, 16 vizuri sana.

La mwisho, na hili watu hawapendi kulisikia wakati mtoto ana miaka 4 na yunifomu inapendeza, huyu mtoto atatokea mlango gani? Ukishaingia huko hana PSLE, ule mtihani wa kumaliza praimari, hana mtihani wa kidato cha nne. Akifika mwisho ana bac ya Ufaransa, na mwaka wa mwisho lazima akae saa 4 anaandika falsafa, kwa Kifaransa. Akitaka chuo hapa nyumbani, cheti kinaenda NECTA, Baraza la Mitihani, kufanyiwa ulinganifu kwanza. Sio mlango mbaya, ila ujue ni mrefu na kurudi katikati ni gharama. Ada yenyewe wengine wanapanga kwa euro na sisi tunaingiza shilingi, kuna muhula nimeuza kiwanja cha Chanika kwa sababu hiyo, tuyaache. Kama mfuko hauruhusu au moyo hauruhusu, mwache mtoto inglishi midiamu yake, mpeleke Alliance Française, kituo cha kufundisha Kifaransa, jioni, afanye mitihani ya lugha ya DELF hatua kwa hatua, A1, A2, B1, ipo ya watoto na ya vijana, cheti chake hakiishi muda. Ningejua hilo mapema, binti nisingemhamisha. Mdogo ningempeleka tu.

Binti sasa ana miaka 16, brevet, mtihani wao wa katikati ya sekondari, alipita mwaka jana, 12 na pointi kidogo, tulikula biriani. Wiki iliyopita baba yake akampa simu aongee na ofisi moja Lubumbashi wamsomee namba ya kontena, yeye anaandika. Akaandika vizuri kabisa halafu akasimama, kalamu hewani, akaziba simu kwa mkono. "Baba, nonante ndo nini?" Baba yake hajui, mimi sijui. Ikabidi amuulize mwenyewe yule baba wa Lubumbashi, na yeye akacheka akamjibu kwa Kiswahili, tisini mwanangu, hukufundishwa? Kumbe Wakongo wanahesabu Kibelgiji, sabini yao septante, tisini nonante, na mwanangu miaka mitano yote kafundishwa quatre-vingt-dix, yaani nne mara ishirini na kumi. Sasa ameibandika nonante kwenye friji kwa herufi za kuunga.