Sisi Nasi Tufanye Nini?

Watu walipomwendea Yohana Mbatizaji kandokando ya Yordani walimwuliza swali ambalo na mimi huliuliza mara nyingi: tufanye nini basi? Yohana alikuwa mtu wa nyikani na wa kufunga, na wanafunzi wake aliwafundisha kusali. Angeweza kuwaambia wakeshe na kufunga zaidi. Lakini soma Luka 3:10-14 uone alivyowajibu. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mshahara wao. Kila kundi lilipata jibu la kazi yake, na jibu hilo liligusa pale pale majaribu yalipokuwa, kwa sababu mtoza ushuru wa enzi zile aliweza kujitajirisha kwa kuongeza juu ya kiwango, na askari alikuwa na silaha mkononi.

Wala hakuwaambia waache kazi. Mimi nafanya kazi ya ununuzi, kazi ambayo Wakristo wenzangu huniombea nayo kwa sauti ya huruma, kana kwamba nipo mahali ambapo Mungu hafiki. Siamini hivyo. Naamini swali la askari, "sisi nasi tufanye nini?", linataka kila mmoja wetu alitaje pamoja na kazi yake: mimi mwalimu nifanye nini, mimi dereva, mimi muuguzi, mimi ninayelea watoto nyumbani. Ukilitaja hivyo, jibu huacha kuelea juu juu.

Katika kazi yangu jaribu la kwanza ni bahasha. Huja na maneno matamu: ni shukrani tu, ni ya chai, usinivunjie heshima. Ushauri wangu ni kuamua kabla bahasha haijafika. Danieli 1:8 inasema aliazimu moyoni mwake asijitie unajisi, na tunaona azimio lilitangulia mazungumzo yake na mkuu wa matowashi. Mimi nina sentensi moja niliyokwisha kuizoea: "Nashukuru, ila sipokei, bei yako ikiwa nzuri itakutetea." Naisema kwa upole na kuendelea na kazi. Ukianza kutafuta maneno wakati mtu amekwisha kunyoosha mkono, utachelewa.

Lakini lililonifundisha zaidi si bahasha, ni malipo. Walawi 19 hufunguka kwa amri kubwa ya kuwa watakatifu kwa kuwa Mungu ni mtakatifu. Ukiendelea kusoma ukitarajia habari za madhabahu tu, unakutana na pembe za shamba wanazoachiwa maskini, kiziwi asiyepaswa kulaaniwa, mizani ya haki, na mshahara wa kibarua ambao usikae kwako usiku kucha hata asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaeleza sababu: ni maskini, na moyo wake umeutumainia ujira huo. Kibarua wa siku zile alilipwa jioni ya siku aliyofanya kazi, kama tunavyowaona wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Usipomlipa jioni, familia yake inalala njaa. Yakobo naye, katika 5:4, anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Kwa hiyo ankara iliyolala mezani kwangu siioni tena kama karatasi. Nyuma yake yupo fundi mwenye vijana wanaomngoja awalipe. Ankara za wauzaji wadogo nazishughulikia kwanza, kwa sababu kampuni kubwa inaweza kungoja na mdogo hawezi. Kama kuna kasoro, nampigia mhusika siku hiyo hiyo, asije akakaa mwezi mzima akidhani analipwa kumbe faili lake limesimama kwa kukosa saini moja. Nyumbani ni vivyo hivyo. Anayetusaidia kazi za nyumbani analipwa siku tuliyokubaliana, bila kulazimika kukumbusha, kwa maana kukumbusha kunamdhalilisha. Na ana siku yake ya kupumzika. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu 5:14 inamtaja mtumishi waziwazi, apumzike kama wewe unavyopumzika. Naumia ninapoona familia inakwenda ibadani imependeza, na aliyezipiga pasi nguo hizo hajapata hata saa moja ya kukaa chini.

Kijana mmoja kazini aliniuliza: "Dada, nikiishi hivi nitapanda cheo kweli?" Nilimwambia simwahidi hilo. Wapo watu walioacha kunishirikisha katika mipango yao, na zipo nafasi zilizonipita. Zaburi 15 inapomweleza mtu atakayekaa katika hema ya Bwana, inasema ameapa kwa hasara yake na hayabadili maneno yake. Hasara imetajwa humo humo. Anayekufundisha kwamba uaminifu hulipa sikuzote kwa fedha anakuandalia siku ya kukata tamaa.

Tena si kwamba kwa haya tunanunua kibali. Waefeso 2:8-10 inaweka mpangilio vizuri: tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, ili tuenende katika matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tokea awali. Ninayeshindwa leo asubuhi bado ni mtoto wa Mungu mchana.

Kuhusu kusali nina machache. Nasali nikiwa na orodha ya kazi za siku mbele yangu, na majina ya watu nitakaokutana nao. Mtu akiniomba nimwombee, tunaomba pale pale, hata kwenye simu, maneno mawili matatu.

Lipo jambo jingine ambalo ni gumu zaidi kwangu kuliko bahasha. Mathayo 5:23-24 inasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako, nenda kwanza ukapatane naye. Yesu aliyasema hayo Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, umbali wa zaidi ya kilomita 100, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Mtu wa Galilaya aliyeisikia amri hiyo alijua maana yake: kurudi nyumbani kote huko, kupatana, kisha kupanda tena Yerusalemu. Na tazama, hasemi wewe una neno juu yake. Yeye ndiye ana neno juu yako. Sisi tuna simu mkononi na tunaahirisha miaka.

Kama unataka kuanza wiki hii, soma ile mistari ya Luka 3, kisha weka kazi yako mahali pa askari. Usijijibu peke yako. Mtafute mtu unayemlipa, au unayemwongoza, au anayeishi nawe, umwulize angependa uache nini na uanze nini. Mhakikishie kwamba jibu lake halitamletea madhara, kisha umsikilize mpaka amalize, bila kujitetea.