Watu "Kama Hamsini Hivi": Maswali Yenu ya Msimu

Disemba inabisha hodi na wenye nyumba za kupangisha Pwani mmeanza kuniandikia. Nusu ya barua ni zile zile za mwaka jana. Nimechagua hizi.

Nina nyumba ya vyumba vitatu Diani. Mgeni anataka kufanya birthday tarehe 28, watu kama hamsini hivi, na atalipa mara mbili. Nikubali?

Usikubali. Tena sitakuhubiria habari za pombe. Anza na choo. Shimo la nyumba yako lilichimbwa kwa watu sita, saba. Hamsini wakinywa nyumbani humo usiku kucha, alfajiri maji machafu yatatafuta njia ya kupandia, na gari la kunyonya wiki hiyo lina foleni hadi Ukunda.

Nenda kwenye bwawa. Glasi ikivunjikia ndani ya maji huioni hata ukipiga mbizi na tochi, kwa hiyo utalimwaga lote. Bwawa la lita 50,000 ni maboza matano ya lita 10,000, na msimu huo mwenye boza hapokei hata simu. Halafu inua macho utazame paa. Makuti, upepo wa kaskazi, na kijana aliyekuja na fataki kwenye begi.

Piga hesabu hiyo kwanza, ndipo uniambie kama "mara mbili" inatosha. Na mgeni akiandika "kama hivi", wewe tayarisha vikombe mia. Birthday ya watu wanane wanaolala humo humo, keki na pilau, hiyo mruhusu bila kunung'unika. Hao ndio wageni.

Je, Airbnb, mtandao wa kupangishia nyumba, inaruhusu sherehe?

Nimelijibu Pasaka, nikalijibu Agosti. Sherehe zote zilipigwa marufuku kwa muda duniani kote Agosti 2020, na Juni 2022 marufuku ya zile za fujo na za mwaliko wa wazi ikawa ya kudumu. Hawakuamka tu asubuhi wakaamua: usiku wa Halloween 2019 watu watano waliuawa kwa risasi kwenye sherehe katika nyumba iliyokodishwa kupitia kwao huko Orinda, California. Someni masharti mliyoyakubali.

Mgeni ameniomba nifute oda mtandaoni, anitumie pesa kwa M-Pesa, bei ipungue kidogo. Kuna ubaya?

Upo. Kochi likiungua huna wa kumdai. Ukibaki kwenye mtandao wa Airbnb una siku 14 tangu mgeni aondoke kuwasilisha madai yako, na picha za kabla na baada. Nje ya hapo una namba ya simu iliyozimwa. Anayekimbilia M-Pesa wiki ya Krismasi, mara nyingi hataki ihesabiwe idadi ya watu wake.

Dada, mimi niko Nyali. Kina mama wa hapa hapa Mombasa wanataka nyumba kwa kupamba bi harusi. Wanawake watupu, hakuna tone la pombe. Hiyo nayo ni sherehe?

Ni sherehe, mwanangu, na kubwa kuliko zote! Nimekaa na funguo za nyumba za watu miaka kumi na moja, na usiku nilioumia zaidi haukuwa wa vijana wa Nairobi na amapiano yao. Ulikuwa wa kupamba. Niliambiwa wanawake arobaini. Kila mmoja akaja na dada yake, dada akaja na watoto, magari yakaziba njia hadi kwenye geti la mzee mmoja aliyekuwa akipelekwa hospitali. Mzee alifika salama. Mimi hadi leo nikimwona mkewe nabadilisha njia.

Spika mbili za taarabu saa saba za usiku zinapenya ukuta sawasawa na za disko. Wape mchana, alasiri hadi magharibi. Andika idadi kwa majina, magari yaegeshwe kwingine, na kabla ya kupokea hata shilingi uende kwa majirani wa pande zote kwa miguu yako. Usitume ujumbe. Jirani akikataa, waelekeze kwenye ukumbi.

Naweza kuficha kamera sebuleni nione kama wanafanya sherehe?

Hapana! Tangu tarehe 30 Aprili 2024 Airbnb hairuhusu kamera yoyote ndani ya nyumba, iliyofichwa au iliyotangazwa. Kipima kelele sebuleni kinaruhusiwa, mradi umekitaja kwenye tangazo.

Naishi Doha. Nimemwambia askari asiruhusu sherehe, lakini kila mara wananishinda. Nimfukuze?

Mfukuze nani? Kaka, umemwacha mtu mmoja na rungu, hana orodha ya wageni, hana namba yako inayopatikana usiku, halafu unataka azuie magari kumi na mawili ya watu waliokwisha lewa. Wakimpa elfu moja afungue, atafungua, nami ningefungua. Mpe karatasi yenye idadi na namba za magari, na mtu wa karibu mwenye mamlaka ya kusema "tokeni" anayefika kwa dakika kumi. Kama huna mtu huyo Pwani nzima, pangisha kwa mwaka na ulale. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa Nairobi katika nyumba za kupangisha kwa siku, ndani ya wiki mbili. Asiyejua nani kaingia kwake usiku ana tatizo kubwa kuliko muziki.

Mimi si mwenye nyumba, ni jirani mwenye mtoto mchanga. Sheria inasemaje?

Kanuni za kelele za 2009 zinaweka desibeli 35 kwa maeneo ya makazi usiku, na usiku kwa kanuni hizo unaanza saa mbili. Hiyo ni sauti ya kunong'ona. Rekodi kwa simu, saa ionekane, upeleke NEMA, mamlaka ya mazingira, au kituo cha polisi. Ila kwanza mpigie mwenye nyumba. Akiwa Doha, mwambie asome jibu lililo hapo juu.